Mtandio, mahari na faili la usalama wa taifa: jinsi dola ya Iran inavyowabana wanawake

Kifungu kinachomlazimisha mwanamke wa Iran kufunika kichwa ni kifupi mno. Ni nyongeza ndogo chini ya kifungu cha 638 cha Sheria ya Adhabu, sehemu iliyopitishwa mwaka 1996. Inasema kwamba mwanamke atakayeonekana barabarani au hadharani bila hijabu ya kisheria atafungwa kati ya siku 10 na miezi 2, au atatozwa faini, ambayo wakati huo ilikuwa kati ya riali 50,000 na 500,000. Hakuna mstari unaoeleza hijabu ya kisheria ni ipi. Nywele kiasi gani zikichungulia ni kosa? Mkono wa nguo uishie wapi? Sheria iko kimya, na kimya hicho ndicho kinachompa askari aliyeko mtaani madaraka ya kuamua.

Kwenye vitabu, basi, hili ni kosa dogo. Lakini tarehe 13 Septemba 2022 Mahsa Jina Amini, Mkurdi wa miaka 22 kutoka Saqqez, alikamatwa Tehran na doria ya maadili, ile inayoitwa Gasht-e Ershad. Alipelekwa kituo cha Vozara, akaanguka humo humo, na tarehe 16 akafariki katika hospitali ya Kasra. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilihitimisha mwaka 2024 kwamba kifo chake kilisababishwa na ukatili wa kimwili aliofanyiwa akiwa mikononi mwa dola. Maandamano yaliyofuata yalizimwa kwa risasi: tume hiyo iliandika kwamba takwimu za kuaminika zinaonyesha watu hadi 551 waliuawa, wakiwemo wanawake wasiopungua 49 na watoto 68.

Ilikuwaje kosa la faini likafikisha nchi huko? Anayetazama mtandio peke yake hatapata jibu. Inabidi kutazama mambo matatu yaliyofungamana: Katiba inayozuia sheria kubadilika, sheria ya ndoa inayomweka mwanamke chini ya idhini ya mtu mwingine, na sheria za usalama zinazomgeuza anayelalamikia hayo mawili kuwa adui wa dola.

Kulazimisha hakukuanza na mashehe

Mwaka 1936 Reza Shah alipiga marufuku hijabu. Polisi waliwavua wanawake ushungi barabarani kwa nguvu, na wako waliojifungia ndani ya nyumba zao miaka mizima hadi mfalme huyo alipong'olewa mwaka 1941. Ndiyo maana wanawake wengi waliojitanda chadori katika maandamano ya kumpinga mwanawe mwaka 1978 walifanya hivyo kwa hiari, kama alama ya kuukataa ufalme.

Mapinduzi yaliposhinda Februari 1979, hayakuchukua hata mwezi mmoja kabla ya ofisi ya Ayatollah Khomeini, kiongozi wa mapinduzi hayo, kutangaza kusimamishwa kwa Sheria ya Kulinda Familia ya 1967, iliyokuwa imeipeleka talaka mahakamani. Wanawake mahakimu waliondolewa kwenye kiti. Shirin Ebadi, aliyekuwa akiongoza mahakama Tehran, alirudishwa kufanya kazi ya ukarani katika mahakama ile ile. Mwaka 2003 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Tarehe 7 Machi 1979 Khomeini akasema wanawake wasiingie wizarani bila hijabu. Kesho yake ilikuwa Siku ya Wanawake, na maelfu wakamiminika barabarani Tehran kwa siku kadhaa. Serikali ikarudi nyuma, lakini kwa muda tu. Kiangazi cha 1980 hijabu ikawa sharti katika ofisi za umma, na mwaka 1983 sheria ikaweka adhabu ya hadi viboko 74 kwa asiyejifunika. Adhabu ya jela au faini ilikuja baadaye, mwaka 1996.

Hapa wasomaji wengi, hasa Waislamu wa kwetu, hukwazika wakidhani mgogoro huu ni wa kuipinga hijabu. Ubishi wenyewe ni juu ya amri ya dola. Zahra Rahnavard ni msomi mwenye kujitanda chadori. Februari 2011 aliwekwa katika kizuizi cha nyumbani pamoja na mumewe, waziri mkuu wa zamani Mir Hossein Mousavi. Faezeh Hashemi, binti wa rais wa zamani Rafsanjani, naye ni wa chadori, na alikamatwa Septemba 2022 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 5. Dola haikuwauliza wamevaa nini, iliwauliza wanatii nini.

Mlango wa Bunge unavyofungwa

Iran ina uchaguzi, Bunge na rais, na wanawake wanapiga kura tangu 1963. Tatizo liko juu ya hivyo vyote. Kifungu cha 4 cha Katiba kinataka kila sheria ilingane na Uislamu, na wanaoamua kama inalingana ni Baraza la Walinzi lenye wajumbe 12. Sita ni wanazuoni wanaoteuliwa na Kiongozi Mkuu moja kwa moja. Sita wengine ni wanasheria wanaopendekezwa na mkuu wa Mahakama kisha kupigiwa kura na Bunge; na mkuu huyo wa Mahakama naye ameteuliwa na Kiongozi Mkuu. Kwa hiyo, ukiufuata uzi wowote wa baraza hilo, unaishia mkono ule ule.

Baraza hili lina kazi mbili. Linapitia miswada, na linachuja wagombea. Mwaka 2003 Bunge lililokuwa na wanamageuzi wengi lilipitisha kujiunga na mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Baraza likaukataa, na hadithi ikaishia hapo. Kuhusu urais, kifungu cha 115 kinasema rais atoke miongoni mwa watu mashuhuri wa dini na siasa, kwa neno la Kiarabu linaloweza kusomwa kuwa ni wanaume. Wanawake wamejiandikisha kugombea tangu Azam Taleghani alipojaribu mwaka 1997, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupitishwa.

Si kwamba hakuna kinachopita kabisa. Mwaka 2019 watoto wa mama Muirani na baba mgeni walipata njia ya kudai uraia, jambo lililopata msukumo baada ya kifo cha mwanahisabati Maryam Mirzakhani mwaka 2017, kwa kuwa binti yake alikuwa na baba wa Kicheki. Lakini Baraza liliidhinisha baada ya kuongezwa sharti la uchunguzi wa vyombo vya usalama. Mwelekeo wa kinyume haukawii: mwaka 2021 ilipitishwa sheria ya kuongeza idadi ya watu iliyobana utoaji wa dawa za uzazi wa mpango katika hospitali za umma na kukaza masharti ya utoaji mimba.

Mkataba wa ndoa: sahihi moja na matokeo yake

Hapa ndipo mambo yanapomgusa kila mwanamke, hata asiyejishughulisha na siasa, na kwa maoni yetu ndipo chanzo cha hasira yote kilipo. Ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya Sheria ya Madai iliandikwa enzi za ufalme, kati ya 1928 na 1935, kwa kufuata fiqhi ya Kijaafari, yaani sheria ya dini ya Washia. Jamhuri ya Kiislamu iliikuta, ikaondoa marekebisho ya miaka ya 1960 na 1970, na kukaza panapokazika.

Msichana anaweza kuolewa akiwa na miaka 13 kwa idhini ya baba, na hata chini ya hapo mahakama ikikubali. Mwanamwali, hata awe daktari wa miaka 35, anahitaji idhini ya baba au babu mzaa baba. Baba akikataa bila sababu ya msingi, binti anaweza kwenda mahakamani, lakini lazima amtaje mwanamume anayemtaka, mahari na masharti yote ya ndoa. Akishaolewa, kifungu cha 1105 kinamtaja mume kuwa mkuu wa familia. Kifungu cha 1117 kinampa mume nafasi ya kumzuia mke kufanya kazi inayopingana na maslahi ya familia. Mke akihesabiwa kuwa nashiza, yaani asiyemtii mume, matunzo anayodai kwa mume yanakatika. Pasipoti haitoki bila ruhusa ya maandishi ya mume (hii ni sheria ya 1973, nayo ya wakati wa Shah), na mume aliyeruhusu anaweza kwenda kuomba mke azuiwe kusafiri. Niloufar Ardalan, nahodha wa timu ya taifa ya wanawake ya futsal (soka la ukumbini), aliikosa michuano ya Asia mwaka 2015 kwa sababu mumewe hakumruhusu kusafiri.

Talaka ni ya mume. Analazimika kupitia mahakamani, lakini hahitaji kuthibitisha kosa lolote la mke. Mke ana njia tatu, na kila moja ina mtego wake.

Ya kwanza ni kuthibitisha dhiki isiyovumilika, chini ya kifungu cha 1130. Sheria imetaja mifano: mume kuhama nyumba miezi 6 mfululizo, au miezi 9 ya vipande vipande ndani ya mwaka mmoja, ulevi wa dawa za kulevya unaoharibu maisha ya ndoa, kifungo cha miaka 5 au zaidi, na kipigo cha kuendelea kisichovumilika kwa desturi. Neno "cha kuendelea" ndilo linalowaangusha wengi. Cheti kimoja cha daktari wa serikali hakitoshi. Mwanamke aliyepigwa leo, akaenda kwa mama yake bila kupimwa, akapigwa tena baada ya miezi 4, anafika kwa hakimu na tukio moja tu lenye karatasi. Mawakili huwashauri wateja wapimwe kila mara, siku hiyo hiyo kabla alama hazijafutika, na watunze nakala nje ya nyumba ya ndoa.

Ya pili ni khului, kujikomboa kwa kusamehe mahari. Mahari ya Iran huandikwa kwa sarafu za dhahabu, kila moja gramu 8.13, na mara nyingi hailipwi siku ya ndoa; inabaki deni. Familia za wasichana huandika sarafu mamia, wakijua hakuna atakayezilipa, ili mume aogope kumwacha binti yao ovyo. Sheria ya 2013 ilipunguza makali hayo: mume anaweza kufungwa kwa kutolipa sarafu 110 tu, ambazo ni karibu gramu 900 za dhahabu, zilizozidi hapo zinadaiwa endapo itathibitika ana uwezo. Basi siku mke anapotaka kuondoka, deni lile ndilo anarudishia apate talaka. Waajemi wana msemo wa siku nyingi: mahari yangu halali yako, roho yangu iwe huru.

Ya tatu ndiyo ya werevu zaidi: masharti ya ndani ya mkataba. Kitabu cha ndoa cha Iran kina masharti 12 yaliyopigwa chapa, na mume hutia sahihi chini ya kila moja. Likivunjwa, mke anakuwa wakili wa mume katika kujitaliki mwenyewe. Humo pia mna sharti la kumpa mke hadi nusu ya mali iliyochumwa katika ndoa, ikiwa mume ataacha bila kosa la mke. Zaidi ya hayo, wanandoa wanaweza kuongeza: kusoma, kufanya kazi, kuchagua mahali pa kuishi, kusafiri nje, na kujitaliki wakati wowote.

Makosa yanayofanyika hapa ni ya lugha na ya ofisi. Ukiandika "mke ana haki ya talaka", sharti linabatilika, kwa sababu kisheria haki hiyo haiondoki kwa mume. Lazima iandikwe kuwa mume amempa mke wakala usiotenguliwa wa kumtaliki, pamoja na ruhusa ya kumteua wakili mwingine badala yake; ikisahaulika ruhusa hiyo ya pili, mke anaweza kukwama mlangoni mwa mahakama. Ahadi ya mdomo mbele ya wazee haina thamani. Sharti lililoandikwa kwa mkono pembeni ya kitabu lina udhaifu. La uhakika ni kwenda ofisi ya uthibitishaji wa hati na kuandikisha wakala rasmi, kila jambo kwa ukamilifu wake. Sharti lisiloandikishwa kabla ya ndoa hupatikana kwa shida baadaye, maana mume hana tena sababu ya kutia sahihi. Na malezi ya watoto yana kanuni yake: mama anakaa nao hadi miaka 7, kisha baba anatangulizwa, mahakama ikitazama maslahi ya mtoto, uwalii wa mali na mambo makubwa unabaki kwa baba na babu muda wote.

Nje ya ndoa kuna Sheria ya Adhabu ya 2013. Msichana anawajibika kwa jinai akitimiza miaka 9 ya Hijria, mvulana miaka 15. Dia, yaani fidia ya damu, ya mwanamke ni nusu ya mwanamume, ingawa mfuko wa serikali sasa hufidia tofauti hiyo.

Kutoka saini hadi gerezani

Agosti 2006 wanawake walianzisha Kampeni ya Saini Milioni Moja. Madai yao yalikuwa haya haya: talaka, malezi, dia, umri wa jinai, urithi, ushahidi. Njia yao ilikuwa ya upole kabisa. Watu wa kujitolea walikwenda kwenye treni, saluni, bustani na majumbani wakiwa na karatasi na kijitabu kinachoeleza sheria, na walisema wazi kwamba madai yao hayapingani na Uislamu. Walikamatwa, na makosa waliyosomewa yalikuwa propaganda dhidi ya dola na kuhatarisha usalama wa taifa.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinaruhusu mikusanyiko isiyo na silaha, mradi isiharibu misingi ya Uislamu. Mbele yake vimesimama vifungu vitatu vya adhabu ambavyo kila mwanaharakati wa Iran anavijua kwa namba. Cha 500: propaganda dhidi ya dola, miezi 3 hadi mwaka 1. Cha 610: watu wawili au zaidi kula njama dhidi ya usalama, miaka 2 hadi 5. Cha 639: kuhamasisha ufisadi wa maadili na ukahaba, mwaka 1 hadi 10. Hiki cha mwisho ndicho kinachoshangaza zaidi, kwani kilitungwa kwa ajili ya wenye madanguro, kikageuziwa wanaopinga hijabu ya lazima.

Safari ya faili huanza mara nyingi kwa simu kutoka namba isiyojulikana. Sheria inataka wito wa maandishi, na mawakili husisitiza mtu asiende kwa wito wa mdomo, kwa sababu hakutakuwa na karatasi ya kuonyesha aliingia wapi. Akikamatwa kwa jambo la usalama Tehran, huweza kuishia gereza la Evin, katika wodi 209 ya Wizara ya Ujasusi au wodi 2-A ya jeshi la Walinzi wa Mapinduzi, kwenye chumba cha peke yake. Wakati wa uchunguzi, nyongeza ya kifungu cha 48 cha sheria ya mwenendo wa jinai inamruhusu kuchagua wakili kutoka kwenye orodha iliyoidhinishwa na mkuu wa Mahakama tu. Orodha ya Tehran iliyotolewa mwaka 2018 ilikuwa na majina 20, kwa jiji la mamilioni ya watu. Dhamana hutolewa kwa hati ya nyumba. Hati ikishawekwa, ni ya baba, shangazi au jirani aliyejitolea, na tangu hapo mshtakiwa akiongea na mwandishi wa habari anaiweka rehani nyumba ya mtu mwingine. Dola haihitaji kumnyamazisha tena. Ukoo wake unafanya kazi hiyo kwa hofu.

Kesi husikilizwa na Mahakama ya Mapinduzi. Rufaa ni ndani ya siku 20. Hesabu ya miaka huchanganya wengi wanaposoma habari: kwa kifungu cha 134, aliyetiwa hatiani kwa makosa mengi hutumikia adhabu iliyo kubwa kuliko zote, siyo jumla. Wakili Nasrin Sotoudeh, aliyewatetea wanawake waliovua mitandio hadharani, alihukumiwa mwaka 2019 jumla ya miaka 38 na viboko 148. Aliyotakiwa kutumikia ilikuwa 12, kwa kosa la kuhamasisha ufisadi. Majaji pia huongeza adhabu za ziada: kutosafiri, kutotumia mitandao ya kijamii, kuhamishiwa mkoa wa mbali. Mwaka 2023 waigizaji waliotokea hadharani bila mtandio waliamriwa kwenda kutibiwa akili, na vyama vya wataalamu wa afya ya akili vikapinga waziwazi kutumiwa namna hiyo.

Kwa nini mtandio, na kwa nini sasa

Sasa inaonekana kwa nini upinzani uliishia kichwani. Bunge limefungwa na Baraza. Jumuiya zimefungwa na kifungu cha 610. Kuvua mtandio hakuhitaji chama, kikao wala kiongozi wa kukamatwa. Desemba 2017 Vida Movahed alipanda juu ya sanduku la umeme mtaa wa Enghelab, Tehran, akaufunga mtandio wake mweupe kwenye fimbo na kuupeperusha kimya. Wengine wakamfuata. Karibu miaka mitano baadaye, kwenye maziko ya Mahsa Amini huko Saqqez, wanawake walivua mitandio makaburini na kupaza kaulimbiu ya Kikurdi, Jin, Jiyan, Azadî: mwanamke, maisha, uhuru.

Dola ilijibu kwa ukatili, ikiwemo kunyonga vijana wa maandamano kwa kosa la kupigana na Mungu, wa kwanza akiwa Mohsen Shekari tarehe 8 Desemba 2022. Waandishi Niloofar Hamedi na Elaheh Mohammadi, walioripoti kifo na maziko ya Amini, walihukumiwa miaka 13 na 12 kabla ya kuachiwa kwa dhamana Januari 2024. Hata hivyo wanawake hawakurudi kujifunika kama zamani, hivyo usimamizi ukahamia kwenye mashine na kwenye mifuko ya watu. Kamera hunasa namba ya gari, na mwenye gari hupokea ujumbe wa simu hata kama siye aliyekuwa ndani. Kosa likirudiwa, gari linazuiwa. Programu ya Nazer huwawezesha watu walioteuliwa kutuma namba ya gari, mahali na saa. Septemba 2024 ilipanuliwa hadi teksi, mabasi na magari ya wagonjwa. Mikahawa na maduka yaliyohudumia wanawake bila mtandio hufungwa kwa lakiri, na hivyo mwenye duka analazimishwa kuwa polisi wa wateja wake.

Kisha ikaja sheria mpya ya hijabu na staha, yenye vifungu 74. Bunge liliikabidhi kwa kamati ndogo badala ya kuijadili ukumbini, likaipitisha Septemba 2023 kwa majaribio ya miaka 3, na Baraza la Walinzi likaidhinisha mwaka mmoja baadaye. Ina faini zinazopanda kila kosa likirudiwa, marufuku ya kusafiri, na kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayehesabiwa kushirikiana na walio nje ya nchi kuipinga hijabu. Ilipangwa kuanza tarehe 13 Desemba 2024, lakini Baraza Kuu la Usalama wa Taifa likaisimamisha. Haikufutwa. Na ule mstari mfupi wa mwaka 1996 ulibaki palepale, pamoja na kamera, lakiri na hati za nyumba zilizowekwa dhamana.